Luteni Graetz na Motokaa Iliyovuka Afrika

Tarehe 10 Agosti 1907 inajulikana sana kwa wapenzi wa magari ya kale. Siku hiyo mkabaila wa Kiitaliano, Scipione Borghese, aliingia Paris akiwa juu ya gari lake la aina ya Itala, baada ya kusafiri miezi miwili kutoka Peking, China. Watu walijipanga kandokando ya barabara kumlaki, na magazeti ya Ulaya yakajaa habari zake. Lakini siku hiyohiyo, kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, mjini Dar es Salaam, luteni mmoja wa Kijerumani aliondoa gari lake na kuelekea bara. Nia yake ilikuwa kufika bahari ya upande wa pili, yaani Atlantiki. Jina lake lilikuwa Paul Graetz.

Ndugu wasomaji wetu wa jeshi na polisi, tumeonelea vyema kusimulia habari za maisha ya mtu huyu kwa sababu mbili. Kwanza, yeye ni mtu wa kwanza kutambuliwa kuwa amevuka bara la Afrika kwa motokaa. Pili, habari zake husimuliwa mara nyingi kana kwamba gari lilikwenda lenyewe. Sisi tulio katika kazi ya ulinzi, tunaojua gharama ya kusogeza tani moja ya shehena kutoka kituo hadi kituo, hatuna budi kuitazama safari ile kwa jicho la askari.

Paul Graetz alizaliwa tarehe 24 Julai 1875 katika mji wa Zittau, katika jimbo la Saxony, Ujerumani. Alichagua kazi ya jeshi, akatumwa kuitumikia Koloni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ambayo wakati huo ilijumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi. Huko ndiko alikopata wazo lake. Katika koloni lile kila kitu kilichotoka pwani kwenda bara kilichukuliwa kichwani. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, kwa hiyo mikokoteni haikufaa katika sehemu nyingi. Reli ya kati ilikuwa bado haijafika hata Morogoro. Ilifika huko mwishoni mwa mwaka uleule wa 1907. Kipimo cha mzigo kilikuwa kichwa cha mtu mmoja, yaani kilo 30 hivi, na kipimo cha safari kilikuwa siku moja ya miguu. Luteni Graetz aliamini kwamba mtambo wa petroli ungeweza kuyabadili yote hayo, akaazimia kuthibitisha jambo hilo mwenyewe.

Ili msomaji apate picha ya zama zile, na aitazame Gisenyi yetu ya mwaka huohuo. Mji huu wa kando ya Ziwa Kivu, ambao leo ni mji wa Wilaya ya Rubavu, ulianza mwaka 1907 kama kituo cha jeshi la Wajerumani, kwenye mpaka na Kongo. Mwaka huo hapakuwa na barabara ya gari katika Rwanda nzima. Palikuwa na njia za miguu, zinazopanda na kushuka vilima, na bunduki, chumvi na vitambaa vya kituo vilifika kwa mabega ya watu. Mwaka uleule mwana wa ukoo wa kitawala wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipita katika nchi hii na msafara wa mamia ya wapagazi, akaliona ziwa na milima ya volkano, kisha akaendelea na njia yake kuvuka Kongo. Yeye alivuka Afrika kwa miguu na kwa mashua. Alifika pwani ya Atlantiki mwaka 1908, wakati ambapo gari la Graetz lingali mbali sana na bahari hiyo. Jambo hili tutalirudia, kwa maana ndani yake mna fundisho.

Sasa tulitazame gari lenyewe. Lilitengenezwa katika kiwanda cha Gaggenau, kusini mwa Ujerumani. Lilikuwa na silinda nne na nguvu za farasi 35 hivi. Kwa kuwa lilikusudiwa kupita mahali pasipo barabara, liliinuliwa juu ya ardhi kuliko magari ya mjini, na magurudumu yake yalikuwa makubwa. Wasomaji wetu walio madereva na makanika watakumbuka kwamba magari ya siku zile hayakuwa na starehe yoyote. Injini iliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya rejeta. Mipira ilikuwa myembamba na ilitoboka upesi. Maji ya rejeta yalichemka mlimani. Mbao za magurudumu zilikauka katika jua kali, zikalegea. Dereva hakuwa na kioo cha kumkinga na vumbi wala mvua, na fundi wake alihesabu kazi ya usiku kuwa ndefu kuliko ya mchana.

Katika jambo moja luteni huyu alifanya kazi ya afisa hodari, nasi hatutamnyima sifa yake. Kabla ya kuondoka aliitazama ramani, akapanga vituo vya akiba katika njia yote. Petroli, mafuta ya kulainisha mtambo na mipira vilipelekwa mbele na kuwekwa mahali palipochaguliwa, ili gari likute riziki yake kila lifikapo. Bila mpango huo asingekwenda mbali na Dar es Salaam. Gari lisilo na akiba mbele yake ni chuma kilichosimama, hata kama dereva wake ni shujaa. Hili ni somo la kwanza la ugavi, na tunaamini kila mwenye cheo cha kusimamia magari ya kikosi analijua.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa kuuliza swali ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Ni nani aliyeyapeleka yale madebe ya petroli katika vituo vile? Hapakuwa na gari jingine la kuyapeleka. Mahali ambapo mito na reli havikufika, petroli ya motokaa ya kwanza ilikwenda kichwani mwa wapagazi. Kwa maneno mengine, ule mtambo uliokuja kumwondolea mpagazi mzigo wake ulianza kwa kumwongezea mzigo mwingine. Wahenga wetu walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtazamaji huuona mwepesi kwa kuwa hauko juu ya kichwa chake.

Safari ilianza kwa taabu. Kutoka Dar es Salaam Graetz alielekea Morogoro na Mpwapwa. Njia zilikuwa za misafara ya miguu, na madaraja yalitosha kwa mtu na mzigo wake tu. Penye mto ilibidi wenyeji wakate miti na kutengeneza kivuko. Penye mlima ilibidi watu wafunge kamba, wavute kwa roda na kwa mikono, huku wengine wakisukuma nyuma. Penye msitu ilibidi shoka na panga vitangulie. Picha zilizopigwa katika safari ile zinaonyesha waziwazi jambo hilo: gari liko katikati, na kamba ndefu iko mikononi mwa watu wengi. Injini ilipopasuka na kuharibika, vipuri viliagizwa kutoka Ujerumani kwa meli, na muda mrefu ukapita katika kungoja.

Hatuwezi kusahau vilevile hali ya nchi wakati huo. Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905 katika Milima ya Matumbi, vilikuwa ndiyo kwanza vimalizike. Gavana aliyevikandamiza alikuwa Graf von Götzen, yuleyule aliyefika kwenye Ziwa Kivu kwa miguu mwaka 1894. Mazao na maghala ya wananchi yalichomwa moto, njaa ikaenea kusini mwa Tanganyika, na wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Katika nchi iliyoshindwa namna hiyo, afisa wa Kijerumani aliyetaka watu wa kuvuta kamba hakuhitaji kusema sana. Hatusemi kwamba hakuwalipa. Tunasema kwamba, penye bunduki za serikali nyuma ya ombi, ombi huwa jambo jingine.

Liko pia jambo la mpira wa magurudumu. Motokaa na baiskeli ndizo zilizopandisha bei ya mpira duniani katika miaka ile. Ng'ambo ya mpaka wetu hapa Gisenyi, katika nchi iliyoitwa Dola Huru ya Kongo, wananchi walilazimishwa kwenda msituni kukusanya utomvu wa mpira, na mateso waliyoyapata yaliishtua dunia. Mnamo Novemba 1908 nchi hiyo ilitolewa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili ikawa koloni la Ubelgiji. Siku hizo Luteni Graetz alikuwa angali njiani na gari lake. Sisi hatujui mpira wa magurudumu yake ulitoka msitu gani, wala si haki kumbebesha yeye peke yake dhambi ya zama zake. Lakini anayependa gari la kale na aijue pia historia ya kila kipande chake.

Baada ya kuivuka Tanganyika, msafara ulipita kusini ya Ziwa Tanganyika, ukaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kisha ukashuka hadi Bulawayo, na baadaye Johannesburg, ambako palikuwa na barabara, maduka na mafundi. Mtu mwingine angeishia hapo na kujisifu. Graetz hakuishia hapo, kwa maana bahari aliyoitaka ilikuwa ng'ambo ya jangwa la Kalahari. Aliligeuza gari kuelekea magharibi, akaingia katika mchanga. Huko injini hula petroli nyingi kwa mwendo mdogo, maji ni machache, na gurudumu linalozunguka huchimba shimo la kujizikia. Hatimaye msafara uliingia Afrika ya Kusini-Magharibi ya Wajerumani, nchi iitwayo Namibia leo, ukapita Windhoek, na tarehe 1 Mei 1909 ukafika Swakopmund, kando ya Atlantiki.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tangu 10 Agosti 1907 hadi 1 Mei 1909 ni siku 630. Njia yote ilikuwa kilomita 9,500 hivi. Ukigawa, unapata kilomita 15 kwa siku. Ni kweli kwamba hesabu hiyo imechanganya siku za mwendo na siku za kungoja vipuri. Hata hivyo, msafara wa wapagazi ulizoea kwenda kilomita 20 hivi kwa siku ya mwendo. Maana yake ni kwamba motokaa ya kwanza iliyovuka Afrika, pamoja na nguvu zake zote za farasi, kwa jumla haikumshinda mtu mwenye miguu miwili na kilo 30 kichwani. Iliposhindwa, ilimwita mtu huyohuyo aje kuivuta.

Je, basi safari ile ilikuwa kazi bure? Hatudhani hivyo. Graetz aliionyesha dunia kwamba mtambo unaweza kustahimili bara hili, mradi uwe na barabara, akiba na watu. Alionyesha pia uvumilivu ambao si wa kila mtu. Afisa aliyekaa njiani karibu miaka miwili, akaharibikiwa mara kwa mara asikate tamaa, anayo sifa yake katika daftari la wasafiri. Mwaka 1910 alitoa kitabu kilichosimulia safari hiyo, jina lake likaenea Ujerumani kote.

Wala hakutulia. Mwaka 1911 alirudi Afrika na mashua yenye injini, iliyopewa jina la kampuni ya chokoleti ya Sarotti iliyomsaidia kwa fedha. Safari hii alianzia Quelimane, Msumbiji, akapanda mito na maziwa kwa nia ya kutokea Atlantiki kwa njia ya Mto Kongo. Pale ambapo maji yalikatika, mashua ilibebwa nchi kavu. Na msomaji anajua sasa ilibebwa na nani. Katika eneo la Ziwa Bangweulu alijeruhiwa vibaya sana usoni na nyati, na mwenzake Mfaransa, mpiga picha Octave Fière, akauawa na mnyama huyohuyo. Hata hivyo Graetz alipona, akaimaliza safari mwaka 1912.

Miaka miwili baadaye vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na hapo ndipo swali la gari na mpagazi lilipoulizwa kwa damu. Gisenyi yenyewe ilikuwa mstari wa mbele kati ya Wajerumani na Wabelgiji, hadi majeshi ya Kongo yalipoitwaa mwaka 1916. Magari yaliletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya vita hivyo, lakini mvua ilipoanza, yalizama katika tope, na majemadari wa pande zote wakarudi kwa wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, karibu wapagazi 100,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu, si kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na la Kariokor, Nairobi, yametokana na namna wenyeji walivyotamka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Ni mitaa inayopigiwa makelele ya biashara kila siku, nayo ni kaburi la kumbukumbu lisilo na majina.

Graetz aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliiona Ujerumani ikipoteza makoloni yake, akaviona vita viwili vya dunia, na akaishi hadi nchi kadhaa alizozipita zikapata uhuru. Alifariki tarehe 16 Februari 1968, akiwa na umri wa miaka 92, huko Travemünde, kando ya Bahari ya Baltiki. Kiwanda cha Gaggenau kilichomtengenezea gari kilikuwa kimeshaingia zamani mikononi mwa Benz. Na hapa askari wetu watatabasamu: katika mji huohuo wa Gaggenau ndiko lilikotengenezwa, kuanzia 1951 hadi 2002, lori la Unimog, lenye tumbo lililoinuka juu na magurudumu makubwa, ambalo majeshi mengi ya dunia yamelitumia mahali pasipo barabara. Haja aliyoiona luteni mwaka 1907 haikufa pamoja na gari lake.

Siku hizi wako watu wengi wanaomiliki magari ya kale na kuyaendesha safari ndefu kwa hiari yao. Safari ya Peking hadi Paris imerudiwa mara kadhaa tangu mwaka 1997. Hapa Afrika Mashariki, tangu mwaka 2003, yamefanyika mashindano ya magari ya zamani kukumbuka Safari ya 1953, yakianzia Kenya na mara nyingine kuingia Tanzania. Wenye magari hayo hujifunza upya adabu ambayo madereva wa zamani waliijua: kuusikiliza mtambo, kutolazimisha gia, kukagua maji na mafuta kila asubuhi, na kuheshimu mlima. Barabara ya lami inayotoka Kigali, ikapita Musanze hadi kushuka ziwani Gisenyi, dereva wa leo huimaliza katika saa chache. Mpagazi wa 1907 angehitaji siku kadhaa za miguu.

Sisi wa kazi ya ulinzi tuna jambo letu la kuchukua katika maisha ya Paul Graetz. Kila gari la kikosi lifikapo salama, anayeonekana ni dereva na kamanda aliyekaa mbele. Nyuma yao yuko makanika aliyelala chini ya injini, yuko mtunza ghala aliyehesabu madebe, yuko mhandisi aliyetengeneza daraja, na mara nyingi yuko mwananchi wa kijijini aliyetoka na jembe lake kulikwamua gari katika tope. Kamanda anayeandika taarifa ya safari na awaandike nao, kwa majina na namba zao. Graetz alijulikana kwa sababu aliandika na kupiga picha. Wale walioshika kamba katika picha zake walikuwa na majina, wake, watoto na vijiji. Gari lilifika Swakopmund kwa sababu yao, na sisi tunaosimulia habari hizi katika lugha ambayo wengi wao waliijua tunao wajibu wa kulisema jambo hilo kila jina la luteni linapotajwa.